Maumivu ya Tumbo Yasiyosikia Dawa: Lini Tuvifikirie Virusi

Katika vijiji vya bonde la Ziwa Rukwa, kuanzia Ivuna hadi Kamsamba, mtu anayeumwa chembe ya moyo ana njia aliyoizoea. Kwanza hutafuna vidonge vya magneziamu. Vikishindwa, huenda kwenye duka la dawa muhimu na kuomba dawa ya vidonda vya tumbo. Maumivu yakizidi, hupimwa bakteria na kupewa dawa za siku 14. Wengi hupona kwa njia hiyo, na tunashukuru. Makala haya yanawahusu wale wasiopona: aliyemaliza dozi zote, akaacha pilipili na pombe, na bado tumbo linawaka, chakula hakikai na nguo zinampwaya.

Kwao nina neno moja. Tumbo lisilosikia dawa lisiongezewe dawa kwa kubahatisha, lichunguzwe upya. Na katika uchunguzi huo, virusi navyo viulizwe, hasa kama mgonjwa ana kinga iliyoshuka. Virusi ni kisababishi cha nadra cha uvimbe wa mfuko wa chakula, lakini vikipuuzwa mgonjwa huendelea kumeza dawa za asidi na za bakteria zisizoweza kuvigusa, huku damu na uzito vikipungua.

Tuanze na yaliyo ya kawaida

Ukuta wa ndani wa mfuko wa chakula hulindwa na ute dhidi ya asidi inayosaga chakula. Ulinzi huo ukivurugwa, ukuta huwa mwekundu, huvimba na wakati mwingine huchubuka hadi kuwa kidonda. Mgonjwa huhisi kuungua chini ya kifua, kichefuchefu, kushiba haraka au kujaa gesi.

Kisababishi kikuu ni bakteria anayeitwa H. pylori. Kwa miaka mingi madaktari duniani waliamini kuwa mawazo na chakula kikali ndivyo vinavyoleta vidonda. Mwaka 1982, huko Perth nchini Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumwotesha bakteria huyo maabara kutoka kwenye matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchanganyiko wenye bakteria hao na tumbo lake likavimba. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Tangu hapo tunajua kwamba sehemu kubwa ya maradhi haya ni maambukizi, na kwamba mengi hupatikana utotoni kupitia mate, mikono michafu na maji yasiyo salama.

Kisababishi cha pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Mkulima wa mpunga anayeumwa mgongo, au mpagazi wa Tunduma anayeshusha mizigo kutwa, anaweza kumeza diklofenaki kila siku bila kujua kwamba ndiyo inayomchubua tumbo. Cha tatu ni pombe, hasa gongo na pombe kali za chupa ndogo.

Ivuna nayo ina jambo lake, chumvi. Chemchemi zake zimechemshwa chumvi kwa karne nyingi. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba vichuguu vya taka vilivyoachwa na wachemsha chumvi wa kale. Chumvi ni neema, lakini ikizidi kwenye mboga na samaki wa kukausha hudhuru ukuta wa tumbo, na ikikutana na H. pylori kwa miaka mingi huongeza uwezekano wa saratani ya tumbo. Kwa hiyo, hata mwenye tumbo zima apunguze mkono anapotia chumvi.

Ukijumlisha bakteria, dawa za maumivu na pombe, umeeleza wagonjwa walio wengi. Yeyote mwenye maumivu aanzie hapo. Virusi huja kuulizwa baada ya haya kuchunguzwa, au mapema zaidi endapo mgonjwa yumo katika makundi nitakayoyataja.

Virusi vyenyewe ni vipi?

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Virusi vya rota na noro, vinavyoleta kutapika na kuhara kwa siku chache, hushambulia zaidi utumbo. Tanzania ilianza kuchanja watoto dhidi ya rota kwa upana mwaka 2013, na matone hayo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6 na wiki 10. Mtoto anayehara anahitaji maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Pakiti ikikosekana, changanya lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, huku mkielekea kituoni. Maradhi ya aina hiyo huja ghafla na huisha. Tunayoyazungumza leo ni ya wiki na miezi.

Virusi vinavyojulikana zaidi kwa kuvimbisha mfuko wa chakula ni vya saitomegalo, ambavyo wahudumu wa afya huviita CMV. Katika nchi zetu karibu kila mtu huambukizwa CMV angali mdogo, kupitia mate, mkojo au maziwa ya mama. Mtoto huweza kupata homa ndogo au asioneshe dalili yoyote. Baada ya hapo virusi hubaki mwilini maisha yote vikiwa vimelala, na kinga nzuri huvizuia visiamke. Kinga ikianguka, huamka na kushambulia jicho, koo la chakula, utumbo mpana, mapafu au mfuko wa chakula. Tumboni huleta vidonda, homa, kutapika, maumivu makali ya chembe ya moyo na wakati mwingine kuvuja damu.

Vya pili ni virusi vya Epstein-Barr, na hivi vina historia ya hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza uvimbe wa saratani kwenye taya za watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa kwa ndege London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuona ndani yake virusi vipya. Navyo vimo katika miili ya watu wazima karibu wote. Mara chache huvimbisha tumbo la kijana anayepata maambukizi ya kwanza, pamoja na homa, koo kuuma na mitoki kuvimba. Virusi hivyo hukutwa pia katika takriban saratani moja kati ya kila 10 za tumbo duniani. Mtu asisome hili akaogopa kuwa atapata saratani kwa kuwa na virusi hivi, maana walio navyo ni wengi mno na wanaopata saratani hiyo ni wachache sana.

Vya tatu ni vya hapesi, vile vinavyoleta malengelenge mdomoni au sehemu za siri. Kufika kwavyo kwenye mfuko wa chakula ni nadra zaidi, na karibu kila mara ni kwa mtu mwenye kinga dhaifu.

Nani ajiulize mapema?

Kundi la kwanza ni watu wanaoishi na VVU ambao hawajaanza dawa, walioziacha, au ambao dawa hazifanyi kazi vizuri. CMV ya tumboni huonekana zaidi chembe za kinga ziitwazo CD4 zikishuka chini ya 100, na hasa chini ya 50. Nyanda za Juu Kusini ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyoguswa sana na VVU, na Tunduma ni mpaka wenye magari makubwa usiku na mchana. Hilo halimfanyi yeyote kuwa mkosaji. Linatutaka tu tusione haya kupima. Tangu mwaka 2016 nchi yetu humwanzishia dawa kila anayekutwa na VVU bila kungoja CD4 zishuke, na mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi vyake havionekani kwenye kipimo ana nafasi ndogo sana ya kusumbuliwa na CMV.

Kundi la pili ni wanaotumia dawa za kushusha kinga. Wamo waliopandikizwa figo, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2017, wamo wanaotibiwa saratani, na wamo wanaotumia prednisoloni kwa muda mrefu kwa maradhi ya viungo au ngozi. Hapa naomba akina dada na kaka wanisikilize vizuri: baadhi ya vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya kunenepa ni deksamethazoni, dawa ya jamii hiyohiyo. Uso hujaa, hamu ya kula huja, na chini yake kinga hushuka, sukari hupanda na tumbo huchubuka. Usinunue unene kwa bei hiyo.

Kundi la tatu ni wazee na wagonjwa waliodhoofu kwa maradhi mengine, kama wenye kisukari kisichodhibitiwa au waliolazwa muda mrefu.

Kundi la nne ni watoto. Upo ugonjwa wa nadra ambao kuta za mfuko wa chakula hunenepa na protini ya damu huvujia tumboni. Kwa watoto wengi wa ugonjwa huo CMV hukutwa. Mtoto hutapika kwa siku kadhaa, kisha uso, miguu na tumbo huvimba. Mzazi hudhani ni unyafuzi au figo, na kweli hayo mawili ni ya kawaida zaidi na lazima yapimwe kwanza. Lakini kama mkojo hauna protini na mtoto alikuwa anakula vizuri kabla ya kuugua, mwombe daktari afikirie tumbo. Habari njema ni kwamba watoto wengi hupona katika wiki chache kwa kuangaliwa na kulishwa vizuri.

Mtu mwenye afya njema pia anaweza kupata uvimbe wa tumbo wa CMV, ila ni nadra sana na kwa kawaida huisha wenyewe.

Dalili zisizosubiri

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya: kutapika damu au matapishi ya rangi ya kahawa, choo cheusi kinachonata kama lami, kizunguzungu na kupauka viganja na macho, maumivu makali ya ghafla yenye tumbo gumu, kutapika kila kitu hata maji. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma atambue kwamba navyo hufanya choo kiwe cheusi, hivyo amweleze mhudumu.

Usisubiri wiki nyingi pia ukiwa na homa isiyoisha, unakonda bila kukusudia, chakula kinakwama au kuuma unapomeza, au maumivu yameanza ukiwa umevuka miaka 50. Mwenye VVU anayeumwa tumbo na pia kuona vidoa vinavyoelea, giza au ukungu machoni aeleze yote mawili, kwa sababu CMV hupofusha jicho na dawa ikichelewa uoni haurudi.

Hatua za kufuata kwa mpangilio

Kwanza, orodhesha kila unachomeza: vya hospitali, vya dukani, vya mitishamba na vya kunenepa. Beba makasha yenyewe. Acha diklofenaki na jamii yake na umwombe mhudumu dawa mbadala ya maumivu. Lakini usiache ghafla prednisoloni uliyoitumia kwa wiki nyingi, wala aspirini uliyopewa kwa ajili ya moyo. Hizo zipunguzwe au kubadilishwa na daktari.

Pili, pima H. pylori kwa kipimo kinachofaa. Kipimo cha haraka cha damu huonesha kuwa mwili uliwahi kukutana na bakteria; hakiwezi kusema kama yupo leo. Ndiyo maana mtu huweza kutibiwa mara tatu na bado akaambiwa anaye. Kipimo cha choo au cha pumzi ni bora zaidi. Ili kisidanganye, uwe umeacha omeprazoli kwa wiki 2 na umemaliza antibayotiki angalau wiki 4 zilizopita. Ukitibiwa, maliza siku zote 14 kisha urudie kipimo baada ya angalau wiki 4.

Tatu, pima VVU, hata kama ulipima zamani. Mwenye VVU tayari aulize wingi wa virusi vyake na CD4 zake, na asiridhike na jibu la mwaka juzi.

Nne, maumivu yakiendelea au dalili za hatari zikiwepo, omba rufaa kwa ajili ya endoskopia. Ni mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Huli wala hunywi kwa saa 6 hadi 8 kabla, unapewa dawa ya kufanya koo ganzi au ya usingizi mwepesi, na kipimo huchukua dakika chache. Watu wengi hukiogopa kwa hadithi walizosikia, lakini wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Jambo la kusisitiza hapa ni kipande cha nyama. Kwa macho tu, kidonda cha CMV kinaweza kufanana na cha bakteria, cha dawa au hata cha saratani. Lazima vipande vidogo kadhaa vichukuliwe kwenye kidonda na sehemu za jirani, vipelekwe kwa mtaalamu wa patholojia. Chini ya hadubini, seli iliyovamiwa na CMV huwa kubwa, na kiini chake kina doa jeusi lililozungukwa na weupe, mfano wa jicho la bundi. Upo pia upakaji maalumu wa rangi unaothibitisha zaidi. Kipimo cha damu cha kingamwili za CMV hakitoshi, kwa kuwa karibu sote tungekutwa nazo. Kwa hiyo muulize daktari kwa heshima na bila woga: "Je, mtachukua kipande? Na kwenye fomu mtaandika kwamba kinga yangu iko chini, ili wanaopima watafute na virusi?" Swali hilo dogo linaweza kubadili matibabu yako.

Tano, tiba. CMV kwa mtu mwenye kinga dhaifu hutibiwa kwa gansiklovia, dawa ya kuchomwa mshipani mara mbili kwa siku, kwa kawaida kwa wiki 2 hadi 3 au zaidi, na huweza kufuatiwa na vidonge vya valgansiklovia. Huweza kupunguza chembe za damu, hivyo damu hupimwa mara kwa mara. Ni dawa ghali na haipatikani kila hospitali, ndiyo sababu hutolewa katika hospitali kubwa. Asaiklovia, inayopatikana kwa urahisi zaidi, hutibu hapesi na haitoshi kwa CMV. Pamoja na dawa hizo, tiba ya msingi ni kurudisha kinga: kuanza au kubadili dawa za VVU, au kupunguza dawa zinazoishusha.

Baadhi ya wagonjwa hupata maumivu au homa mpya katika wiki za kwanza za kuanza dawa za VVU, kinga inapoamka na kupambana. Usiache dawa. Rudi kliniki ukaangaliwe.

Wanaotumia TLD, soma hapa mara mbili

Watu wengi wanaoishi na VVU nchini hutumia kidonge kimoja cha TLD, chenye dolutegraviri ndani yake. Vidonge vya magneziamu na alumini tunavyotafuna kwa kiungulia hukamata dolutegraviri tumboni isiingie kwenye damu. Anayevitafuna kila siku karibu na muda wa dawa anaweza kuona virusi vinapanda ilhali hajakosa hata siku moja. Meza TLD saa 2 kabla ya dawa hiyo ya kiungulia au saa 6 baada yake. Vidonge vya chuma au kalisi vinaweza kumezwa pamoja na TLD ikiwa umekula. Omeprazoli haina shida na TLD, lakini huzuia atazanaviri iliyomo katika baadhi ya dawa za mstari wa pili. Kwa hiyo, kabla ya kununua dawa yoyote ya tumbo, ulizia kliniki yako ya tiba na matunzo (CTC). Ukiona haya kumweleza muuza duka hali yako, mpigie mhudumu wako wa CTC.

Kujipanga kwa safari

Kwa mkazi wa Ivuna, rufaa maana yake ni safari: zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe iliyoko Vwawa, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Masika barabara za bondeni huharibika. Kama dalili zako ni za kungoja, usingoje mpaka mvua. Kabla ya kuondoka omba karatasi ya rufaa, chukua kadi ya kliniki na ya bima, na piga simu kuuliza siku za endoskopia na gharama zake. Nenda na ndugu, maana ukipewa dawa ya usingizi hutakiwi kurudi peke yako. Majibu ya kipande huweza kuchukua wiki kadhaa. Uliza yatatoka lini, yatapelekwa wapi, na uache namba ya simu inayopatikana. Majibu yasiyofuatwa hayamponyi mtu.

Ndugu wa mgonjwa, msimtenge. CMV na Epstein-Barr wengi wenu mnavyo tayari, na kula naye pamoja si hatari kwenu. Naweni mikono kwa sabuni, hasa baada ya kumbadili mtoto nepi, chemsheni maji ya kunywa, na mpikieni mgonjwa vyakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku: uji, wali laini, samaki asiye na chumvi nyingi, ndizi.

Kwa wahudumu wa zahanati na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu nina ombi. Mteja akirudi mara ya tatu kutafuta dawa ileile ya tumbo, msimuuzie tena. Mwandikieni aende kupimwa, kwa kuwa ninyi ndio mnaomwona kabla ya daktari yeyote.

Nawe msomaji unayeumwa, kama umemaliza tiba ya H. pylori ipasavyo na wiki nne zimepita bila nafuu, usianze dozi nyingine. Kapime VVU wiki hii, omba rufaa, na ukifika huko uliza kuhusu kipande na kuhusu virusi.